Usifungue hedi bado: maji yameingilia wapi kwenye mashine ya boti?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina boti la kubeba watu na mizigo kati ya Kizingitini, Faza na Lamu mjini. Mashine yake ni dizeli ya ndani, silinda tatu, ya mtumba, inapozwa kwa maji matamu na kipozeo cha maji ya bahari. Ilifungwa mwaka jana. Jumamosi jioni nilirudi salama, moshi safi, joto la kawaida, nikazima nikatia nanga. Jumapili na Jumatatu sikutoka. Jumanne alfajiri nilipobonyeza stata ikapiga "ko!" ikakwama palepale. Nikarudia mara tatu nne, haikuzunguka. Nikatoa stiki ya kupimia oili: oili imepanda sana juu ya alama, na ile ncha ya chini ina utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Tangi la maji matamu limejaa kama nilivyoliacha. Fundi mmoja anasema gasketi ya hedi, ile kati ya kichwa cha mashine na bloki, imekufa. Mwingine anasema bloki imepasuka, nitafute mashine nyingine. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, nahodha. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao wawili, toa waya wa betri, funga koki ya maji ya bahari, na stata usiiguse tena mpaka nozeli zote tatu za kunyunyizia dizeli ziwe nje. Hilo ndilo la leo. Habari ya gasketi na bloki ni ya baadaye, na kwa jinsi ulivyoeleza sidhani kama mtafika huko.

Ile "ko!" uliyoisikia ni pistoni imepanda ikakuta maji. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Mashine ya dizeli ya aina hiyo hubana hewa mara 20 na zaidi. Tuchukue silinda yenye ujazo wa sentimita 300: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita 15 tu, yaani kijiko kimoja cha chakula. Maji yakizidi kijiko hicho hayana pa kwenda, basi ama stata inakwama, ama konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Stata ikikwama mara moja kama yako, mara nyingi konrodi husalimika, kwa kuwa nguvu yake ni ndogo na mwendo wake wa polepole. Balaa huja pale silinda mbili kavu zinapowaka ilhali ya tatu ina maji. Hapo ni nguvu ya moto inayosukuma, na nimeona konrodi iliyotoka ubavuni mwa bloki kwa namna hiyo. Kukwama kwako kulikuwa bahati, ila ile mara ya tatu na ya nne ulikuwa unaichezea.

Legeza mabomba ya dizeli, toa nozeli, ziba midomo ya mabomba kwa kitambaa safi. Tia spana kwenye nati kubwa ya mbele ya krenki (shafti kuu ya mashine), uizungushe taratibu upande uleule mashine inakozungukia. Usiinamie matundu, maana maji hutoka kwa kishindo na yamechanganyika na dizeli. Weka mtu wa pili aangalie ni tundu lipi limetoa maji, la kwanza kutoka mbele, la pili au la tatu, na aandike. Mafundi wengi hufurahi tu kuona maji yametoka, wakafuta, wakaendelea, wakawa wamefuta na ushahidi. Yakinge maji hayo kwenye chupa safi, utayahitaji. Krenki ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugusa chuma kwa chuma, vuta pumzi: huenda ndani hakuna kilichovunjika.

Kisha mimina oili safi kidogo katika kila silinda, zungusha tena kwa mkono, na acha nozeli nje. Fanya hivyo leo, usingoje mtu atoke Malindi na vifaa. Maji ya bahari yakikutana na chuma kitupu, siku moja inatosha kuanza kutu kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zikishika kutu ndipo utakapolazimika kufungua hedi kwa kosa ambalo mwanzo halikuwa la hedi.

Sasa turudi kwenye barua yako, kwa sababu mna ushahidi mwingi.

Unasema mashine ilizimwa ikiwa nzima. Unasema tangi la maji matamu halijapungua. Na unasema oili imepanda sana juu ya alama, lakini rangi ya maziwa iko nchani tu. Shika hilo la mwisho. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kabisa ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya mashine. Kama yangeingia mashine ikiwa inazunguka, krenki ingeyapiga pamoja na oili na stiki nzima ingetoka nyeupe. Kuwa meupe nchani tu kunaonyesha maji yaliingia mashine imelala, yakatua chini, yakasukumwa kidogo na zile mara chache ulizobonyeza stata. Na oili kupanda kiasi hicho si kazi ya matone. Hayo ni maji ya lita. Yangetoka kwenye mzunguko wa maji matamu, kupitia gasketi au ufa wa bloki, tangi lingepungua kwa kiasi hichohicho. Halikupungua. Basi yametoka nje ya boti, na njia kubwa ya kutoka nje kuingia ndani ya silinda ni bomba la moshi.

Nayasema haya nikiwa mbali na mashine yako, kwa hiyo usiyachukue kama hukumu. Yathibitishe kwa kijiko. Chukua maji uliyokinga, yaache yatulie mpaka dizeli na oili vielee juu, chota maji ya chini ujaze kijiko cha chuma, uyakaushe juu ya moto mdogo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, kwa hiyo kijiko kimoja kikikauka huacha kama nusu gramu, tabaka jeupe unaloweza kulikwaruza kwa ukucha. Maji matamu huacha doa tu. Usionje kwa ulimi kama wanavyofanya wengine. Dawa ya kupozea inayotiwa tangini ni sumu, na ina utamu unaodanganya.

Kuna tahadhari moja ya visiwani kwetu. Kausha na kijiko cha pili chenye maji ya tangi lako, uvilinganishe. Ukiwa ulijaza tangi kwa maji ya mvua kutoka jabia (birika la kuvunia mvua), kijiko hicho kitabaki karibu kitupu na jibu litakuwa wazi. Lakini ukiwa ulijaza kwa maji ya kisima cha karibu na ufuo, yale ya chumvichumvi, nayo yataacha weupe, na asiyelinganisha atapotea. (Na ukiyatia maji ya namna hiyo mwaka mzima, kipozeo kitaoza kwa ndani. Tumia ya jabia, au yale ya Shela yanayotoka chini ya vilima vya mchanga, pamoja na dawa ya kupozea.)

Tuchukulie kijiko kimetoa chumvi. Yameingiaje?

Angalia maji ya bahari yanavyotembea. Yanaingia kwa koki, yanavutwa na pampu, yanapita kwenye kipozeo, kisha yanamwagwa kwenye elbo (kiwiko) ya bomba la moshi, pale yanapokutana na moshi wa moto. Kutoka hapo maji na moshi hushuka pamoja hadi kwenye salensa, chombo cha kukusanya maji na kupunguza kelele, halafu nguvu ya moshi huyasukuma kupanda mpira wa kutokea moshi na kutoka nje tezini, nyuma ya boti. Mashine ikiwaka, mpango huu hauna neno. Shida ni ikizimwa. Moshi wa kusukuma haupo tena, lakini mpira kutoka kwenye koki hadi elbo umejaa maji. Ikiwa mahali maji yanapomwagwa kwenye elbo pako chini ya usawa wa bahari ulioko nje, bahari huendelea kujimimina yenyewe, tone kwa tone au uzi mwembamba, kupitia pampu iliyosimama. Impela ya raba, lile gurudumu la mabawa ndani ya pampu, haizibi kabisa. Usiku wa kwanza salensa hujaa. Wa pili maji hupanda hadi kwenye elbo, yanarudi kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, na silinda yoyote ambayo valvu yake ya moshi imesimama wazi inayapokea. Kutoka hapo hupenya kwenye ringi na kushuka sampuni. Ndiyo maana oili yako ina maji na bloki yako huenda haina hata mkwaruzo.

Watengenezaji wa mashine hizi wanalijua hilo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba mahali pa kumwagia maji pawe angalau sentimita 15 juu ya usawa wa bahari. Ikishindikana, mpira lazima upandishwe juu sana kabla ya kushuka kwenye elbo, na kileleni pake pawekwe valvu ya kuingiza hewa. Mashine ikizimwa, hewa inaingia, mfuatano wa maji unakatika. Na hapa ndipo ninapoitilia shaka mashine yako ya mtumba. Nyingi za aina hiyo hutolewa kwenye maboti ya kizungu ya tanga. Zinauzwa na kipozeo chake na pampu yake, lakini mpira na ile valvu hubaki kwenye boti la mwenyewe wa kwanza. Anayeifunga huku anaiona pampu, anaiona elbo, anaziunganisha kwa mpira mfupi ulionyooka, na kazi inapendeza macho. Juu ya hayo, maboti yetu ya mizigo mashine hukaa chini kabisa, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), ili shafti ipate mstari wake. Elbo ikawa chini ya bahari na hakuna aliyejua.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji fundi. Tafuta mpira mwembamba unaoona ndani, ule ule wa mafundi wa nyumba wa kupimia usawa wa kuta. Vua mpira wa pampu kwenye koki, funga huu mahali pake, uinue wima mpaka juu ya mashine, kisha fungua koki kidogo. Maji yatapanda ndani yake na kusimama: hapo ndipo usawa wa bahari ulipo, ndani ya boti lako. Weka alama kwa chaki. Sasa ita watu wakae kwenye mabenchi kama siku ya soko, weka na magunia tezini, utazame alama mpya. Boti likibeba huzama, na boti tupu lililopimwa ufukoni hudanganya. Linganisha alama ya juu na tundu la maji kwenye elbo. Nadhani utaona mwenyewe.

Ukitaka uhakika zaidi, rudisha mpira wa koki mahali pake, vua ule mwingine unaoingia kwenye elbo, ujaze maji kwa jagi ukiushika kimo kilekile cha elbo, fungua koki, ungoje. Maji yakiendelea kutoka mashine ikiwa imezimwa, umemshika mwizi.

Utaniuliza, mbona mwaka mzima haikufanya hivi? Impela ilikuwa mpya, ikiziba vizuri. Sasa imechakaa na inapitisha. Pengine pia huwa unalaza boti usiku mmoja tu, na usiku mmoja ulikuwa unajaza salensa bila kuivuka. Safari hii lilikaa tangu Jumamosi hadi Jumanne. Kama kumbe valvu ya hewa ipo, ifungue uiangalie: ina raba ndogo au springi, na chumvi ikiganda pale inabaki imefunga. Ipulize kwa mdomo. Hewa iingie upande mmoja, ikatae upande wa pili.

Kabla hujaifunga hesabu hiyo, nijibu jambo moja ambalo hukulitaja: je, boti lilipwelewa, likabaki nchi kavu maji yalipotoka? Kwenye bamvua, siku za maji makubwa, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita tatu, na maboti mengi ya Kizingitini hubaki mchangani. Angalia Jumapili na Jumatatu hizo zilikuwa tarehe ngapi za mwezi. Zikiwa karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na boti lililala ubavu bila magadi (nguzo za kulishikilia wima), basi kuna njia ya pili. Maji yanaporudi hulikuta boti bado limelala. Tundu la moshi likiwa upande wa chini huzama kabla boti halijanyanyuka, na ule mpira uliokuwa umepanda juu umelala nao, haupandishi tena kitu. Maji hupita moja kwa moja hadi salensa na kuvuka. Dalili yake ni mchanga. Vua mpira wa kutokea moshi uusuuze ndani ya ndoo: ukitoa mchanga, tope au vipande vya majani ya baharini, njia ni hiyo. Mpira unaotoa maji safi ya chumvi unarudisha lawama kule kwenye koki. Na kama una desturi ya kufunga koki kila unapotia nanga na Jumamosi uliifunga, basi njia ya kwanza haiwezekani kabisa, na tunabaki na hii ya ubavu, au mawimbi ya kusi yanayopiga tezi ambako bomba liko chini mno.

Njia ya tatu siyo yako, ila wasomaji wengine watajikuta humo. Mashine haitaki kuwaka, dizeli imeingia hewa, na nahodha anabonyeza stata, anapumzisha, anabonyeza. Kila mzunguko pampu inaleta maji, moshi wa kuyasukuma hakuna, salensa inajaa mpaka yanarudi nyuma. Mashine ikikataa mara mbili tatu, funga koki ndipo uendelee kuhangaika. Ikishika tu, ifungue papo hapo, kwa sababu impela ikizunguka kavu huungua upesi. Vilevile boti likivutwa kwa kamba mashine imezimwa, usilivute kwa kasi tezi ikizama.

Niwatendee haki mafundi wako. Gasketi ya hedi huweza kufa, na elbo ya moshi huoza kwa ndani ikarusha maji nyuma kuelekea valvu. Elbo itoe vyovyote vile, ni bolti chache. Igonge kwa nyundo ndogo, chungulia ndani kwa tochi, ziba mdomo mmoja uijaze maji uone kama inavuja upande wa moshi. Ya chuma iliyokwisha umri wake kwenye maji ya chumvi ibadilishe hata kama haijatoboka. Kwa gasketi, azima pampu ya kupimia rejeta kwa fundi wa magari Mokowe. Ifunge kwenye mdomo wa tangi la maji matamu, piga pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa tangi, uiache robo saa nozeli zikiwa nje. Mshale ukisimama palepale na silinda zikabaki kavu, gasketi haina kosa na bloki haina ufa unaofika majini. Ukishuka, na nje hakuna mpira unaovuja, basi fundi wa kwanza amepata na mimi nimekosa, fungueni.

Ile orodha ya silinda uliyoandika itumie pamoja na kijiko, si peke yake. Valvu ya moshi hukaa wazi kama theluthi moja ya mzunguko wa kazi, kwa hiyo mashine ya silinda tatu ikizimwa, kwa kawaida moja ndiyo inayokuwa wazi, mara nyingine mbili. Maji ya chumvi katika silinda moja, nyingine kavu, ni picha ya kawaida kabisa ya maji yaliyotoka kwenye moshi. Maji matamu katika silinda mbili zinazopakana ndiyo picha ya gasketi. Silinda zote tatu kavu lakini sampu imejaa maji ya chumvi ni habari nyingine: tazama pampu ya maji ikiwa imefungwa kwenye kasha la gia za mashine. Pampu hizo zina sili mbili, moja ya maji na moja ya oili, na kati yake kuna tundu dogo chini la kudondoshea. Sili ya maji ikifa, tundu hudondosha na unaona. Rangi au chumvi ikiliziba tundu, maji hufuata shafti hadi ndani ya oili. Lakini pampu hiyo haielezi "ko!" yako, kwa hiyo sitaitilia maanani sana.

Maji ndani ya dizeli nayo yasikuchanganye. Dumu lililonyeshewa mvua huzima mashine katikati ya mkondo na kuharibu nozeli, lakini halijazi silinda mpaka krenki ikwame. Na ule ukungu mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili, stiki ikiwa safi, ni jasho la hewa yetu ya pwani tu.

Kusafisha ndani ni kazi ya subira, na haianzi mpaka umejua njia ya maji na umeifunga. Legeza nati ya sampu polepole: yatatoka maji kwanza, kisha utelezi mweupe, kisha oili. Tia oili ya bei nafuu na filta mpya, zungusha kwa mkono, halafu kwa stata vipande vifupi nozeli zikiwa bado nje na koki imefungwa. Rudisha nozeli kwa pete mpya za shaba (washa), mwaga maji yote ya salensa, fungua koki, washa bila mzigo kwa dakika tano hadi kumi. Zima, mwaga oili ingali moto. Itatoka nyeupe. Rudia na oili nyingine na filta nyingine mpaka itoke na rangi yake. Mara mbili au tatu ndiyo kawaida. Wengine huzungusha mashine na dizeli tupu sampuni ili kuokoa pesa. Kwa kusuuza kwa mkono sina neno, lakini mashine isiwashwe hivyo, beringi za krenki zitakulaani. Oili chafu iweke kwenye dumu, isimwagwe mkokoni.

Ikishawaka, sikiliza kugonga kwa chuma kunakofuata mzunguko. Ukipata geji ya kubana ya dizeli, pima silinda zote tatu. Moja ikiwa chini waziwazi kuliko wenzake, konrodi yake huenda imepinda kidogo, pistoni haifiki juu, na hapo ndipo hedi itafunguliwa kwa haki.

Marekebisho yenyewe ni mpira, klipu na kipande cha bomba. Mpira unaotoka kwenye kipozeo upandishe katikati ya boti, usiwe ubavuni, hadi chini ya sitaha au nyuma ya benchi, kilele chake kiwe angalau sentimita 30 juu ya ile alama ya chaki ya boti lililobeba, ndipo ushuke kwenye elbo. Kileleni una uchaguzi. Kuna valvu ya hewa, nayo itabidi uisuuze kwa maji matamu kila baada ya miezi michache. Mimi kwa maboti yetu napendelea kitobo chenye mpira mwembamba unaotoka nje ya ubavu, juu kabisa ya maji. Hauna raba ya kuganda, na mashine ikiwaka unadondosha uzi wa maji nje, kwa hiyo nahodha anaona kwa macho kwamba pampu inafanya kazi. Mpira wa kutokea moshi nao upande juu kabla ya kutoka, na tundu lake lisiwe upande ambao boti lako limezoea kulalia. Siku za bamvua litie magadi. Koki ifungwe kila jioni, na ili isisahaulike asubuhi, ning'iniza ufunguo wa swichi kwenye mpini wake.

Halafu lijaribu kabla hujapakia mtu. Likiwa linaelea gatini, washa nusu saa, zima, mwaga maji ya salensa mara moja kwenye ndoo na uyapime; kiasi fulani hubaki kila mara, hayo ni ya kawaida. Washa tena, zima, na safari hii acha koki wazi kwa makusudi usiku kucha, na magunia yakiwa tezini. Asubuhi, kabla ya kugusa stata, mwaga salensa upime. Ndoo ya asubuhi ikilingana na ya jioni, nenda Faza. Ikiwa imezidi, funga koki, pandisha kilele cha mpira, na uniandikie ni sentimita ngapi umepata kati ya alama ya chaki na elbo.